Kutojulikana, Kutojulishwa na Kutoelezwa: Historia ya Vifo Visivyo na Sababu Ukingoni mwa Ziwa Mweru

Ikisiri

Kila kifo kinachoingizwa katika takwimu za afya hupewa msimbo mmoja wa sababu. Sababu isipopatikana, kifo hupelekwa kwenye misimbo ya mwisho wa sura ya dalili, hususani R96, R98 na R99 ya Marudio ya Kumi ya Uainishaji wa Kimataifa wa Magonjwa. Makala haya yanafuatilia chimbuko la misimbo hiyo na kuilinganisha na historia ya vifo katika Wilaya ya Nchelenge na ukingo wa Ziwa Mweru nchini Zambia, kuanzia misafara ya karne ya 19, kupitia mlipuko wa malale wa 1906 hadi 1922, hadi tatizo la homa katika zama zetu. Hoja kuu ni kwamba neno "haijulikani" limebeba hali kadhaa zilizo tofauti kihistoria na kisera, na kwamba sarufi ya Kiswahili ina nyenzo za kuzitenganisha. Mwishoni yanatolewa mapendekezo kwa wanaotafsiri fomu za vifo na kwa washauri wa sera.

Maneno muhimu: usimbaji wa vifo, Nchelenge, malale, mahojiano ya kifo, istilahi za Kiswahili

1.0 Utangulizi

Tuchukue vifo vitatu vya aina inayotokea mara kwa mara penye uvuvi. Mvuvi ametoka Kashikishi usiku. Asubuhi mtumbwi wake unaonekana ukielea, na mwili wake unapatikana siku ya pili. Mtoto mwenye homa na degedege anavushwa kutoka kisiwa cha Isokwe kuelekea hospitali, naye anakata roho kabla mtumbwi haujafika. Bibi kizee analala akiwa mzima na haamki. Ndugu wa marehemu hawa wote watatu wanayo maelezo. Wanajua nani alimwona marehemu mara ya mwisho, alilalamikia nini na alikula nini. Hata hivyo, iwapo vifo hivyo vitafika kwenye daftari la serikali, inawezekana vyote vikaandikwa kwa maneno mamoja: sababu haijulikani.

Katika Marudio ya Kumi ya Uainishaji wa Kimataifa, yaliyoidhinishwa na Baraza la Afya Duniani mwaka 1990, maneno hayo yana makazi yake. R96 ni kifo cha ghafla kisicho na sababu inayofahamika, kikiwamo kile kinachotokea chini ya saa 24 tangu dalili zianze. R98 ni kifo kisichoshuhudiwa, yaani mwili umekutwa na sababu haikuweza kugunduliwa. R99 ni sababu nyingine zote zisizofasiliwa vyema au zisizobainishwa. Kando yake ipo R54, ya uzee, ambayo bibi yetu angeweza kupewa. Mvuvi naye, ikiaminika kwamba alizama lakini haijulikani kama ni ajali, kujiua au kuuawa, angeingia Y21 katika sura tofauti kabisa.

Makala haya yanauliza swali la kihistoria: je, kutojua huku kulitokeaje, na kumekuwa kutojua kwa nani? Swali hili lina uzito wa kisera. Wanaokadiria mzigo wa magonjwa hawaviachi vifo vya R99 vilivyo. Tangu kazi ya Murray na Lopez ya miaka ya 1990, misimbo hiyo imehesabiwa miongoni mwa "misimbo taka", na vifo vyake husambazwa upya katika magonjwa mengine kwa kanuni za kitakwimu. Kifo cha Isokwe kinaweza kugawiwa ugonjwa fulani kwa kuzingatia mwenendo wa vifo vya mbali na Isokwe. Bajeti ya dawa, ya boti na ya wahudumu hufuata mgawanyo huo.

2.0 Chimbuko la kapu la mwisho

Uainishaji tunaoutumia leo ulizaliwa katika ofisi za takwimu za Ulaya. William Farr, mtakwimu wa ofisi ya usajili ya Uingereza iliyoanza kazi mwaka 1837, alilalamika kwamba ugonjwa mmoja uliitwa kwa majina mengi na jina moja lilitumika kwa magonjwa mengi. Mkutano wa Kimataifa wa Takwimu uliofanyika Brussels mwaka 1853 uliwapa yeye na Marc d'Espine wa Geneva kazi ya kutayarisha orodha moja, na mwaka 1855 huko Paris ikakubaliwa orodha ya maingizo 139. Mwaka 1893 Jacques Bertillon aliwasilisha Chicago orodha yake yenye vipimo vitatu, cha vichwa 44, cha 99 na cha 161. Orodha hiyo ndiyo iliyorekebishwa Paris mwaka 1900 na tena mwaka 1909.

Marudio ya 1909 yanatuhusu kwa namna ya pekee. Orodha yake ilikuwa na vichwa 189, na vitatu vya mwisho vilikuwa vya ugonjwa wa kiungo usiofasiliwa, kifo cha ghafla, na sababu isiyobainishwa au isiyofasiliwa vyema. Kutojua kulipewa nambari rasmi, tena nambari za mwisho kabisa. Kwa Bertillon na wenzake kapu hilo lilikuwa kipimo cha uzembe: daktari aliyeandika "kifo cha ghafla" angeweza kuandikiwa barua na kuombwa maelezo zaidi. Utaratibu wote ulidhani kwamba kila kifo kina daktari wa kuandikiwa barua.

Shirika la Afya Duniani lilipochukua kazi hiyo kwa Marudio ya Sita mwaka 1948, liliingiza fomu ya kimataifa ya cheti cha sababu ya kifo na dhana ya "sababu ya msingi", yaani ugonjwa au jeraha lililoanzisha mfululizo wa matukio yaliyoishia kwenye kifo. Dhana hii ni ya kisimulizi. Inamtaka mwandishi wa cheti asimulie kuanzia mwisho kurudi mwanzo, mstari kwa mstari, na msimbaji achague mwanzo ulio sahihi. Asiyekuwapo kwenye mfululizo huo hawezi kuusimulia, na aliyekuwapo lakini hakuulizwa hahesabiwi kuwa msimulizi.

Katika himaya za Afrika ya Mashariki na ya Kati hakukuwa na daktari wa kuandikiwa barua, na mara nyingi hata sheria haikumtaka awepo. Usajili wa lazima wa vizazi na vifo ulianza kwa Wazungu, na katika baadhi ya makoloni kwa Waasia. Waafrika walio wengi waliachwa nje. Zambia huru ilitunga sheria yake ya usajili mwaka 1973. Kwa muda mrefu, basi, vifo vya Mweru havikuwa hata na hadhi ya kuwa "visivyojulikana" ndani ya orodha, kwani havikuingia humo kabisa.

3.0 Mweru kabla ya orodha: Kifo cha mgeni na kifo cha mwenyeji

Kumbukumbu za maandishi za ukanda huu zinaanza na vifo vya wageni. Francisco José de Lacerda, aliyeongoza msafara wa Wareno kutoka Tete, alifariki katika makao ya Kazembe mwezi Oktoba 1798. David Livingstone alifika Ziwa Mweru Novemba 1867, wakati ambao wafanyabiashara Waswahili na Waarabu tayari walikuwa na maskani kwa Kazembe, na ambao Tippu Tip alikuwa amekwisha kumshinda Nsama wa Itawa, kati ya Mweru na Tanganyika. Livingstone mwenyewe alifariki Mei 1873 kijijini kwa Chitambo, kusini mwa Bangweulu, katika mfumo uleule wa maji unaoteremka kwa mto Luapula hadi Mweru.

Kifo hicho kina jambo ambalo wanahistoria wa tiba hulitaja kwa kupita, nalo kwa wasomaji wa Kiswahili ni kubwa. Kabla ya mwili kukaushwa ili ubebwe hadi Bagamoyo, ulipasuliwa. Aliyepasua ni Farijala, ambaye aliwahi kuwa mtumishi wa daktari huko Unguja. Kwa mujibu wa ushahidi wa Chuma na Susi uliochapishwa na Horace Waller mwaka 1874, watu wale waliona mapafu yenye mabaka meusi na meupe, na upande wa kushoto donge la damu iliyoganda, lenye ukubwa wa mkono wa mtu. Huu ni uchunguzi wa maiti ulioripotiwa kwa mdomo na wasemaji wa Kiswahili, ukaingia katika maandishi kama kauli ya mashahidi. Mwili ulipofika London, uchunguzi wa daktari bingwa Fergusson ulilenga swali jingine, kama kweli huyo ni Livingstone, na jibu likapatikana katika mfupa wa mkono uliowahi kuvunjwa na simba. Kuhusu kilichomuua, walio na habari za ndani walibaki kuwa Farijala na wenzake.

Nusu karne baadaye, mwaka 1926, mmisionari Dan Crawford alifariki Luanza, ukingo wa magharibi wa Mweru, baada ya jeraha dogo la mkono kuingia sumu. Mfululizo wote wa kifo chake unajulikana, tangu mkwaruzo hadi mwisho, kama vile fomu ya 1948 ingependa. Majirani zake Waafrika waliokufa mwaka huohuo kwa majeraha kama hayo nao walikuwa na watu waliouona mfululizo. Tofauti ni kwamba hapakuwa na aliyeuandika.

4.0 Malale, 1906–1922: Ugonjwa unaojulikana, vifo visivyojulikana

Mlipuko wa malale katika bonde la Luapula na ukingo wa Mweru unatoa funzo la aina nyingine. Nchini Uganda ugonjwa huo, ulioitwa mongota, ulitambuliwa na madaktari Albert na Jack Cook huko Mengo mwaka 1901 wakati chanzo chake kilikuwa bado fumbo. Mwaka 1903 uhusiano wake na vimelea vya tripanosoma na mbung'o ulithibitishwa. Hivyo ulipotambuliwa Mweru, sayansi ilikuwa na jibu la jumla. Waliokufa Uganda mwanzoni mwa mlipuko walikufa kwa ugonjwa usiojulikana. Waliokufa Luapula walikufa kwa ugonjwa wenye jina, mdudu na ramani.

Mwanahistoria Mwelwa Musambachime, katika utafiti wake wa mwaka 1981, ameonyesha athari za hatua zilizochukuliwa na utawala wa Kampuni ya Uingereza ya Afrika Kusini. Watu waliondolewa kwenye kingo za mto na ziwa na kuhamishiwa bara. Uvuvi na uvukaji wa mitumbwi vilizuiwa. Upande wa pili wa maji ulikuwa chini ya Kongo ya Wabelgiji, wenye amri zao. Jamii zilizoishi kwa samaki, chumvi na biashara ya kuvuka ziliona uhai wake wa kiuchumi ukikatwa, na kurejea kwao kandokando ya maji kulichukua zaidi ya mwongo mmoja.

Kwa mtazamo wa usimbaji, jambo la kuzingatia ni hili. Njia iliyotumika sana Afrika ya wakati huo kumtambua mgonjwa ilikuwa kupapasa tezi za shingo. Tezi huvimba kwa mambo mengi. Mtu mwenye tezi aliyekufa kwa kichomi angeweza kuhesabiwa kuwa amekufa kwa malale, na mtu aliyekufa bara kwa njaa au kwa maji machafu, baada ya kuhamishwa, hakuwa na safu ya kuandikwa. Umaarufu wa sababu moja ulizimeza sababu nyingine. Tunazoea kudhani kwamba hatari ya takwimu iko katika R99, yaani pale tunapokiri kutojua. Historia ya Mweru inaonyesha hatari ya upande wa pili: jina linalojulikana mno hulifunika swali.

5.0 Sababu inayosemwa msibani na isiyosemwa ofisini

Mwaka 1914 utawala wa kikoloni ulitunga sheria ya uchawi iliyofanya kumtuhumu mtu uchawi kuwa kosa. Lengo lililotajwa lilikuwa kuzuia mateso ya watuhumiwa, na hakuna anayeheshimu uhai atakayelipuuza. Hata hivyo sheria hiyo ilikuwa na matokeo ya kiisimu. Katika Kibemba, lugha kubwa ya eneo hili, watu hutofautisha kifo kilichotoka kwa Lesa, yaani Mungu, na kifo kilicholetwa na ubuloshi, yaani uchawi. Tofauti hiyo inajibu swali la "kwa nini huyu, kwa nini sasa", swali ambalo cheti cha kifo hakiliulizi. Tangu 1914, nusu ya jibu hilo haikuweza kusemwa mbele ya afisa bila hatari. Audrey Richards, akiandika mwaka 1935 kuhusu bamucapi, wale wasaka wachawi walioenea kutoka Nyasaland, alieleza jinsi wasiwasi huo ulivyotafuta njia nyingine ya kusemwa.

Hofu nyingine ilihusu damu. Uvumi wa banyama, uliochunguzwa na Musambachime mwaka 1988, ulidai kwamba watu walikamatwa ili wanyonywe damu kwa manufaa ya wakubwa. Msomaji wa pwani atautambua mara moja kuwa ndugu wa mumiani. Mahali penye kumbukumbu kama hiyo, kuomba kipande cha ini la marehemu si ombi la kimaabara peke yake. Familia inayokataa inaweza kuwa na hoja ya kihistoria, na anayeandika "ndugu hawakutoa ushirikiano" ameiacha hoja hiyo nje ya daftari.

6.0 Homa na ushahidi unaozidi

Nchelenge ya leo ni miongoni mwa maeneo yenye malaria nyingi zaidi Zambia. Hospitali ya Misheni ya St Paul's, Kashikishi, pamoja na Kituo cha Utafiti wa Magonjwa ya Tropiki cha Ndola, zimekuwa mahali pa tafiti muhimu za malaria. Tafiti za majumbani za miaka ya 2010 zilikuta vimelea kwa karibu nusu ya waliopimwa, wengi wao bila homa yoyote.

Takwimu hiyo inaleta ugumu usiotarajiwa. Mahali ambapo malaria ni adimu, vimelea katika damu ya marehemu aliyekuwa na homa ni ushahidi mzito. Mahali ambapo mtu mmoja kati ya wawili anavyo hata akiwa mzima, vimelea hivyo vinathibitisha tu kwamba marehemu aliishi Nchelenge. Mtoto wetu wa Isokwe angeweza kuwa na malaria kali, homa ya uti wa mgongo au sumu ya damu, na kipimo chanya kisitofautishe. Kuandika malaria kungekuwa rahisi; kuandika R99 kungekuwa ukweli mchungu zaidi, na daktari mwangalifu anaweza kulaumiwa kwa kuongeza misimbo taka.

Mahojiano ya kifo, ambapo mhoji aliyefunzwa huwauliza ndugu juu ya dalili za marehemu, yametoa njia ya kati. Tanzania ina uzoefu mkubwa: mradi wa vifo na maradhi ya watu wazima ulioanza 1992 ulihoji kaya za Dar es Salaam, Hai na Morogoro Vijijini kwa Kiswahili. Shirika la Afya Duniani limesanifisha fomu na orodha ya sababu, na hata humo kuna VAs-99, sababu isiyojulikana. Mahojiano hayafuti kutojua, lakini humrudishia ndugu wa marehemu nafasi ya msimulizi.

7.0 Sarufi ya kutojua

Hapa ndipo lugha inapokuwa na mchango. Fomu nyingi za Kiswahili hutumia "sababu haijulikani" kwa hali zote. Kiswahili kina mnyambuliko unaotuwezesha kusema zaidi. Tuziangalie kauli nne.

Sababu isiyojulikana ni ile ambayo hakuna aliye na habari zake. Mwili umekutwa majini, hakuna shahidi. Hii ni R98 halisi, na kwa ukingo wa ziwa ni kipimo cha upweke wa kazi ya uvuvi kuliko kipimo cha ugonjwa.

Sababu isiyojulishwa ni ile ambayo mtu anayo habari lakini haikufikishwa, kwa woga wa sheria, kwa aibu, kwa umbali au kwa kutoulizwa. Kiambishi cha kauli ya kutendesha kinatukumbusha kwamba kulikuwa na mtu wa kujulisha na mtu wa kujulishwa.

Sababu isiyoelezwa ni ile ambayo dalili zimeonekana na kusemwa, lakini hazijafasiriwa. Kauli ya kutendwa huacha mlango wazi: bado inaweza kuelezwa. Wilayani Ruangwa, mkoani Lindi, mwezi Julai 2022, ugonjwa wa homa na kutokwa damu puani ulitangazwa kuwa haujaelezwa, ukiwa na wagonjwa 20 na vifo 3. Baada ya siku chache maabara ikaonyesha ni leptospira, na Wizara ya Afya ikautangaza kwa jina la homa ya mgunda. Huko Panzi, mkoa wa Kwango nchini Kongo, mwishoni mwa 2024, ugonjwa uliosambaa katika habari za dunia kama fumbo ulikuja kuonekana kuwa kwa sehemu kubwa ni malaria kali na maambukizi ya njia ya hewa katika miili iliyodhoofishwa na utapiamlo. Fumbo lilikuwa la umbali kati ya mgonjwa na maabara.

Sababu isiyoelezeka, kwa kauli ya kutendeka, ni ile iliyochunguzwa kwa kila njia iliyopo bila jibu. Hii ndiyo peke yake inayostahili kuitwa mpaka wa elimu ya tiba. Nchelenge, kama kwingineko vijijini, ni vifo vichache mno vinavyopata uchunguzi wa kutosha kufika hapo.

Tofauti hizi si za mapambo. Isiyojulikana inadai boti za doria na vyombo vya kuelea. Isiyojulishwa inadai imani kati ya ofisi na familia. Isiyoelezwa inadai maabara na usafiri wa sampuli. Isiyoelezeka inadai utafiti. Kuziweka pamoja katika R99, kisha kuzisambaza kwa kanuni moja, ni kufuta dai la kila mojawapo.

8.0 Hitimisho na mapendekezo

Historia ya Mweru haithibitishi kwamba watu wa kingo za ziwa walikosa maarifa ya vifo vyao. Farijala alitoa maelezo ya alichokiona. Familia za Luapula zilijua nani alikufa kabla ya kuhamishwa na nani baada yake. Kilichokosekana ni njia ya maarifa hayo kufika kwenye orodha bila kupotezwa umbo.

Yanapendekezwa mambo manne. Kwanza, watafsiri wa fomu za vifo na wa Marudio ya Kumi na Moja, yaliyoanza kutumika Januari 2022, watenganishe kauli nne zilizojadiliwa hapo juu badala ya kutumia "haijulikani" pekee. Pili, maelezo huru ya ndugu yahifadhiwe katika lugha yaliyosemwa, iwe Kibemba au Kiswahili cha Katanga kinachosikika ng'ambo huko Kilwa na Pweto, ili msimbaji wa baadaye aweze kuyarudia. Tatu, kila wilaya ichapishe idadi ya vifo vyake vya R96, R98 na R99 kabla ya kusambazwa upya, kwani idadi hiyo ghafi ndiyo inayoonyesha nani hafikiwi. Nne, kwa kuwa wavuvi huvuka mpaka na kufia upande wowote, Zambia na Kongo zibadilishane taarifa za miili inayopatikana ziwani. Mvuvi asiyejulikana Kashikishi huenda anatafutwa na mkewe Kilwa.

Pendekezo la nne ni dogo kuliko yote na halihitaji maabara. Linahitaji daftari mbili zinazosomeana, na watu wa kuzisoma kwa lugha ambayo pande zote mbili za maji zinaielewa.